Mtakuja lini, ili nijue lini nipogoe? Kisa cha chuo na kijiji kimoja cha zabibu Dodoma

Kijiji ninachokieleza kiko Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, pale unapoiacha lami na kuanza vumbi jekundu lenye mibuyu pande zote. Jina lake sitalitaja, wala la chuo, kwa sababu watu waliohusika hawakunituma niwatangaze. Mimi nilisimama katikati yao: kwa kazi ni mwalimu wa chuo, kwa kuzaliwa ni mtoto wa mkulima wa uwele na zabibu. Kwa miaka mitatu, yaani mavuno sita ya zabibu, nilikwenda na kurudi nikibeba maneno ya upande huu kuyapeleka upande ule. Naandika kisa hiki kwa sababu naona vyuo vingi sasa vinauzungumzia utalii wa mashambani kama dawa ya vijiji vinavyodhoofika, na sisi tulikaribia kuiharibu dawa hiyo kwa namna ambayo wengine wanaweza kuiepuka.

Mtu akisikia kijiji kinakufa hufikiria nyumba zilizofungwa. Kwetu si hivyo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,085,625 mkoa mzima wa Dodoma, kutoka 2,083,588 mwaka 2012. Shule ya msingi ya kijiji hiki imejaa hadi watoto wanabanana kwenye madawati. Wanaokosekana ni wa katikati, wale wenye nguvu za kuchimba na kubeba. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ujenzi, bodaboda na kazi za ulinzi zimewachukua vijana mmoja mmoja. Hawajakichukia kijiji chao. Wanafuata mahali ambapo jioni mtu analala na fedha mfukoni. Nyumbani wamebaki bibi, wajukuu, na wazee ambao migongo yao haiwezi tena kunyoosha waya za shamba la zabibu.

Zabibu ndiyo iliyotarajiwa kuwazuia vijana hao. Wamisionari wa Kiitaliano waliipanda Bihawana, ikaukubali udongo wetu wa kichanga na jua letu, na mpaka leo ukitaja zabibu Tanzania umeitaja Dodoma. Huvunwa mara mbili kwa mwaka: mavuno ya masika, karibu Machi, ambayo mvua na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu wa mizabibu, huyasumbua, na mavuno ya kiangazi, karibu Agosti na Septemba, ambayo huwa matamu zaidi. Tatizo lake ni kwamba zabibu ya mvinyo haina subira. Mahindi utayaweka kwenye kihenge ukasubiri bei. Zabibu ikishaiva na mnunuzi hajafika, nyuki na ndege ndio wanaokuwa wanunuzi. Mwenye mahali pa kukamulia anaweza kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye tangi. Asiyekuwa napo anabaki kuhesabu hasara kishada kwa kishada.

Msimu mmoja kabla sisi wa chuo hatujafika na mradi wetu wa utalii, mnunuzi aliyekuwa ameahidi hakutokea. Nilipoingia kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa mzee mmoja ambaye shamba lake liko mteremkoni, nilikuta rundo la mashina ya mizabibu yaliyong'olewa, mengine manene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, gome likibanduka kama karatasi. Mkewe alikuwa anayavunjavunja apate kuni za kupikia. Miaka kumi na moja ya kupogoa, yaani kukata matawi ili mzabibu uchipue upya, kunyunyiza na kufunga waya ilikuwa inachemsha maji ya ugali. Mahali pake palikuwa pamepandwa alizeti. Ninalikumbuka rundo lile kuliko takwimu yoyote niliyowahi kuifundisha.

Hatukuwa wa kwanza. Taasisi nyingine ya elimu ilishapita na mradi wa utalii: bango kubwa, banda la wageni lenye paa la makuti yaliyoletwa kutoka pwani, mafunzo ya siku tatu yenye posho, na vyeti. Tulipofika bango lilikuwa limepauka na ndani ya banda kulikuwa na majani ya karanga ya kulishia mbuzi. Kwa hiyo katika mkutano wetu wa kwanza na halmashauri ya kijiji, mzee mmoja hakuuliza tumeleta nini. Aliuliza, "Walimu wetu, ninyi mmekuja kwa miezi mingapi?" Tulimjibu kwa maneno mengi kuhusu ushirikiano. Swali lake tulikuja kulielewa mwaka wa tatu.

Safari ya kwanza tuliifanya Jumamosi moja ya Agosti, wanafunzi thelathini na wawili katika basi la chuo. Tulitaka watembee shambani, wachume zabibu, wale chakula cha Kigogo, wasikilize ngoma, warudi mjini jioni wakiwa wamelipa kiingilio. Kwenye karatasi siku ile ilikuwa nzuri sana.

Tulipofika, akina mama walitupokea kwa "Mbukwenyi!" na wanafunzi wakajifunza kuitikia "Mbukwa" kwa kicheko. Tukaanza kushuka shambani. Mwenzetu wa kilimo alitangulia, akaingia kati ya mistari miwili, akageuza jani moja, akasimama. Majani yalikuwa na vumbi jeupe. Shamba lilikuwa limenyunyiziwa dawa ya ubwiri siku mbili kabla. Kila dawa ina siku zake za kusubiri, zimeandikwa kwenye kibandiko chake, na mkulima anazijua kwa ajili ya kuvuna. Hakuna aliyemwambia kwamba wageni wangekula zabibu kutoka mtini. Na wanafunzi wawili walikuwa tayari wana vishada mkononi. Tuliwarudisha wote, tukaenda shamba la mtu mwingine ambaye hakuwa amejiandaa, na katika kukimbilia huko wakakanyaga mipira ya umwagiliaji wa matone na kuipasua sehemu tatu.

Choo kilikuwa kimoja, cha shule. Hakikuwa na maji. Sitaendelea na habari hiyo, ila mtu yeyote anayepanga utalii wa kijijini aanze na choo kabla hajaanza na picha za matangazo.

Halafu kukawa na suala la muheme, ngoma ya Kigogo inayopigwa na akina mama. Ratiba yetu ilisema ngoma saa saba na nusu mchana, dakika ishirini. Bibi anayeongoza kundi la wapigaji alikuja kuniona pembeni. Aliniambia, "Mwanangu, ngoma hazijaota moto." Ngozi ya muheme hukazwa kwa joto. Ngoma huegemezwa kuzunguka moto, na mpigaji anaigonga kwa vidole mara kwa mara akisikiliza mpaka sauti ipande mahali pake. Kazi hiyo ina muda wake, na ina mazungumzo yake pia, maana ni hapo ndipo akina mama wanakubaliana waimbe nini na nani aongoze. Nikamwomba wapige tu hivyo hivyo kwa sababu basi linaondoka. Wakapiga. Sauti ilikuwa kavu, nao walikuwa wanatazama chini. Nina aibu mpaka leo. Kumbe kile ambacho wageni wangekikumbuka maisha yao yote ni kule kukaa kuzunguka moto, nasi ndicho tulichokifuta ili tuwahi basi.

Tuliporudi chuoni, wengi wetu tulisema kijiji kinahitaji mafunzo. Mwalimu mmoja wa uchumi akapinga. Hoja yake ndiyo iliyobadilisha kila kitu, na ndiyo ninayotaka wenzangu waisikie.

Alisema: programu ya utalii wa kitamaduni iliyoanzishwa kaskazini katikati ya miaka ya 1990, kwa ushirikiano wa Bodi ya Utalii na shirika la SNV la Uholanzi, ilikuta wageni tayari wanapita. Mtu anayekwenda Ngorongoro au anayeshuka Kilimanjaro unaweza kumwomba akupe nusu siku yake. Chamwino hakuna anayepita kwa ajili hiyo. Hata michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, haijatuletea mafuriko ya wageni. Kwa hiyo ukimfundisha bibi kuongoza wageni halafu wageni wasije, umemfundisha kungoja tu. Kijiji hiki kinavyo vya kuonyesha. Kinachokosa ni mgeni wa kwanza, tena mgeni anayerudi.

Na mgeni huyo, akasema, ni sisi. Chuo kina maelfu ya wanafunzi ambao wengi hawajawahi kuona mzabibu ingawa wanaishi Dodoma. Kina semina zinazolipa ukumbi na chakula mjini kila mwezi. Kina wazazi wanaokuja kwenye mahafali kutoka Kagera, Mtwara na Zanzibar, wakamaliza siku mbili bila kujua waende wapi. Kina watafiti wageni. Chuo kikiamua tu kula, kukutana na kufundishia kijijini, kwa bei halali na kwa tarehe zinazojulikana, kijiji kimepata soko la kuanzia. Utaalamu utafuata, kwa sababu sasa kutakuwa na jambo la kutumia huo utaalamu.

Mwaka wa pili tulifanya hivyo. Kozi nne zilihamishia siku zao za vitendo kijijini: kilimo, uhasibu, afya ya mazingira, na historia. Wanafunzi wa afya ya mazingira, pamoja na mafundi wa kijiji, walisimamia ujenzi wa vyoo vinne katika kaya zilizojitolea kupokea wageni, kila kimoja na kibuyu chirizi, chombo cha maji ya kunawia mikono, mlangoni. Wa uhasibu wakakaa na kikundi cha akina mama mpaka wakapata daftari la kurasa mbili ambalo hata asiyemaliza darasa la saba analijaza. Wa kilimo wakabandika kwenye mti wa kwanza wa kila shamba ubao mdogo wenye tarehe ya kunyunyiza na tarehe salama ya kula. Kitu kidogo hicho, ubao wa mbao na chaki, kiliwafurahisha wageni kuliko tulivyotarajia, kwani wanaona kwamba mwenye shamba ana hesabu zake.

Wa historia ndio walionishangaza. Waliwauliza wazee kwa nini nyumba zimepangwa mistari na mashamba yako mbali. Wakapata Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, jinsi kaya zilivyohamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwekwa pamoja. Mzee mmoja aliwapeleka mwendo wa saa nzima kwenye mbuyu uliokuwa uani kwao. Tembe ya baba yake, ile nyumba ndefu ya Kigogo yenye paa bapa la miti, nyasi na udongo, imebaki tuta tu, lakini bado mtu anaona mlango ulielekea wapi na zizi lilikuwa upande gani. Sasa wageni hutembezwa njia hiyo asubuhi kabla jua halijawa kali, na ni wazee wanaosimulia. Wajukuu wao huwafuata nyuma wakisikia habari hizo kwa mara ya kwanza.

Tulibishana sana kuhusu banda. Baadhi ya viongozi wa chuo walitaka tujenge nyumba za wageni za kisasa kwenye eneo la kijiji. Nilipinga kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ardhi: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na jengo la chuo katikati yake lingezaa maswali ambayo wajukuu wangeyarithi. Ya pili ni kilimo chenyewe. Italia walipotunga sheria ya utalii wa mashambani mwaka 1985, waliiruhusu kazi hiyo kwa mkulima mwenyewe, kwa sharti kwamba kilimo kibaki ndicho kazi kuu na wageni wawe nyongeza. Naliona sharti hilo kuwa la busara hasa kwetu. Siku mkulima wa Chamwino atakapoacha kupogoa ili asubiri wageni, atakuwa amepoteza vyote viwili, maana mgeni anakuja kwa sababu ya shamba.

Fedha zilitugombanisha, kama kawaida. Mgeni alilipa shilingi elfu kumi na tano kwa siku pamoja na chakula: ugali wa uwele, mlenda, maziwa ya mgando, kuku wa kienyeji kwa wanaokula nyama. Tulikubaliana kwamba sehemu kubwa iende kwa kaya iliyopokea na kupika, sehemu kwa mwenye shamba, sehemu kwa wapigaji ngoma na wasimulizi, na sehemu ndogo mfuko wa kijiji. Miezi mitano baadaye zikaanza tetesi kwamba kaya nne zenye vyoo ndizo zinazokula peke yao. Tetesi hazikuwa za uongo. Tulikuwa tumeanza na waliojitolea, na waliojitolea ndio waliokuwa na uwezo wa kuchanga mchanga, mawe na nguvu kazi. Mjane mwenye wajukuu watano hakuweza kujitolea hata kama alitaka.

Suluhu ilitoka kijijini. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu ambao mapato na matumizi husomwa mbele ya watu, iliamuliwa kwamba fedha ya mfuko ijenge choo cha kaya moja isiyo na uwezo kila robo mwaka, na kaya hiyo iingie kwenye zamu. Pia iliamuliwa kwamba daftari la wageni lisomwe kwa sauti, jina la kaya na kiasi ilichopata. Mwenzangu mmoja aliona hiyo ni kuwaaibisha watu. Mimi nilikuwepo siku linasomwa mara ya kwanza. Watu walisikiliza kama wanavyosikiliza matangazo ya msiba, kimya kabisa, na lilipoisha tetesi ziliisha pia.

Mwaka wa tatu uongozi wa chuo ulibadilika na fedha za mradi zikafika mwisho. Hapo ndipo ningependa msomaji aangalie kwa makini, kwa sababu ndipo tulipopata jibu la yule mzee wa miezi mingapi.

Vilivyokufa ndani ya miezi michache ni hivi: tovuti, kipeperushi cha rangi, mafunzo ya waongoza wageni, na nafasi ya mratibu. Vilivyobaki ni vile ambavyo chuo kilikuwa kinavihitaji kwa shughuli zake chenyewe. Kozi tatu kati ya nne ziliendelea, kwa kuwa siku za vitendo zilishaandikwa kwenye mtaala. Idara mbili ziliendelea kufanyia semina zao chini ya mwembe wa shule, kwa sababu ni nafuu kuliko ukumbi wa mjini na chakula ni kizuri. Wazazi wa mahafali walikuja kwa sababu wanafunzi wenyewe waliwaleta. Basi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotegemea mfadhili.

Marekani walilijua hilo zamani. Sheria yao ya mwaka 1914 iliyoanzisha huduma za ugani za vyuo iligawa gharama kati ya serikali kuu, majimbo na kaunti, hivyo ofisa ugani hakuondoka kijijini kwa sababu mradi fulani umeisha. Sisi hatuhitaji kuiga muundo wao. Lakini chuo chenye nia ya kweli kiandike kijiji kwenye mtaala wake na kwenye bajeti yake ya kawaida ya semina, badala ya kukiandika kwenye andiko la mradi.

Matokeo si makubwa, na sitayakuza. Mzee wa mteremkoni hajarudisha mistari minne aliyoing'oa. Ila iliyobaki hakuing'oa, na kaya kadhaa zilizokuwa zimekusudia kung'oa zimepogoa. Zabibu za mezani na zabibu kavu zinauzwa kwa wageni kwa kilo, kiasi kidogo, lakini kwa fedha taslimu siku hiyo hiyo. Vijana waliorudi ninawajua kwa majina na ni watatu. Mmoja alikuwa dereva wa bodaboda mjini. Sasa anawachukua wageni wanaoshuka treni ya SGR, ile reli ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 inamfikisha mtu Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, na siku asipokuwa na wageni yuko shambani kwa mama yake.

Kikwazo kilichobaki ni kalenda. Wanafunzi wetu huenda mafunzo kwa vitendo katikati ya mwaka, mahafali ni mwishoni mwa mwaka, na zabibu nzuri zaidi huiva kati ya vipindi hivyo viwili. Kwa muda mrefu tulilichukulia hilo kuwa jambo lisilorekebishika. Bibi wa muheme, ambaye ana robo eka ya mizabibu nyuma ya nyumba, ndiye aliyetukumbusha jambo ambalo mwenzetu wa kilimo analifundisha kila mwaka: Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Unaamka siku unapopogolewa. Kutoka mkasi hadi kishada kilichoiva ni takribani miezi minne. Ukipogoa mistari kwa zamu, wiki mbili mbili, shamba moja linaweza kuwa na zabibu mbivu kwa muda mrefu zaidi, ingawa ukisogea sana kuelekea Desemba unacheza na mvua.

Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa amesimama kwenye mstari wa kwanza, mkasi mkononi, kanga imefungwa kiunoni. Alikuwa amepogoa mashina sita na kuacha mengine. Aliniuliza mahafali ya mwaka huu ni tarehe ngapi. Nikamwambia ratiba bado haijapitishwa.

"Basi kawaulize," akasema, akauchomeka mkasi kwenye waya. "Mstari huu nitauacha mpaka uniambie."